Mtoto hali? Kagua kwanza ratiba ya shamba lako

Leo ukungu wa viazi na bei ya mbolea tuviweke pembeni. Nataka tuongee kuhusu yule mdogo anayeshinda chini ya mti mkiwa mnapalilia.

Kuna dada mmoja huku Njombe, ana ekari mbili za viazi mviringo na parachichi zimeanza kuzaa. Mchapakazi kweli. Nilipomaliza kumkagulia majani akaniambia, "Samahani bwana shamba, hili najua siyo la kwako, ila mwanangu hali. Ukimpa kijiko anageuza uso, ukimlazimisha anatapika." Mtoto ni wa kike, ana mwaka mmoja na nusu. Nikaomba kadi ya kliniki. Kilo 8 na nusu, na kwa miezi mitatu mfululizo mstari umelala, haupandi.

Ni kweli kwamba mtoto akishatimiza mwaka hamu ya kula hupungua kidogo, na hiyo ni kawaida. Mwaka wa kwanza uzito wake wa kuzaliwa unazidishwa karibu mara tatu. Mwaka wa pili anaongeza kama kilo mbili na nusu tu. Kwa hiyo kula kidogo peke yake siyo ugonjwa. Kinachokuambia ukweli ni kadi. Mstari ukipanda, tulia. Ukilala, usikae nyumbani ukisubiri. Huyu dada nilimwambia aanzie kituo cha afya, na walipompima mtoto wakamkuta ana upungufu wa damu, akapewa dawa.

Lakini dawa haibadilishi ratiba. Nilimuomba anieleze siku nzima, kama ninavyowauliza nyie kuhusu ulishaji wa kuku. Saa 12 asubuhi mtoto anapata chai ya rangi na kipande cha andazi. Saa 1 wapo shambani, uji kwenye chupa. Anapewa saa 8, umeshapoa. Jioni wanarudi, kuni, maji, ugali unaiva saa 2 usiku, na mwenyewe kashalala. Sasa hebu hesabu. Mtoto wa umri huo anatakiwa ale milo mitatu hadi minne kwa siku na vitafunwa mara moja au mbili, huku akiendelea kunyonya. Huyu alikuwa anapata uji mmoja mwepesi na chai, na chai yenyewe inazuia madini ya chuma yasifyonzwe mwilini. Mtoto hakatai chakula hapo. Chakula ndo hakimfikii.

Na hili siyo la nyumba moja. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchi nzima, lakini Iringa ni karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Mikoa inayolisha nchi! Sababu zipo nyingi, ila mimi kwa ninavyozunguka mashambani, kazi za shamba zinazommaliza mama siku nzima naziweka juu kabisa.

Jambo lingine ni ukubwa wa tumbo. Mtoto wa kilo 8 na nusu tumbo lake linabeba kama mililita 250 tu, kikombe kimoja kidogo. Ukilijaza uji wa maji, ameshiba maji. Na ukimpikia uji mzito anashindwa kumeza, anatema, unasema anadeka.

Hapa wakulima tuna dawa yetu wenyewe, kimea. Wapika komoni wanaijua vizuri, ila hapa hatupiki pombe. Chukua ulezi, uoshe, uloweke usiku mmoja, uchuje, uufunike na kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu uchipue. Uanike ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, saga. Ukiona ukungu, tupa wote, usichambue. Usitumie mtama kwa kazi hii, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu. Pika uji mzito ule wa kusimamisha kijiko, epua, uache upoe kiasi cha kuweza kuonja, weka kijiko cha unga wa kimea ukoroge. Ndani ya dakika chache unalainika wenyewe bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke, basi. Mtoto anakunywa kikombe kile kile, ila safari hii kina chakula ndani.

Ule unga wa "lishe" wenye nafaka saba na karanga na soya vyote vimesagwa pamoja mimi siupendi. Soya na mahindi haviivi kwa muda mmoja, unga unachacha haraka, na karanga zikiwa na ukungu umemlisha mtoto sumukuvu. Mnakumbuka mwaka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Nafaka moja inatosha. Karanga chambua mwenyewe, twanga, weka kwenye uji wakati wa kupika.

Mengine yapo shambani kwako. Parachichi za Hass anazozikataa mnunuzi kwa sababu ya mikwaruzo, zikiiva ni mafuta mazuri ya mtoto, unaponda na uma tu. Yai moja kila siku ni trei moja kwa mwezi, litoe kwenye hesabu ya mauzo kabla hujapiga faida. Panda mistari michache ya viazi lishe, Kabode au Mataya, kwa ajili ya nyumbani. Na akina baba, chupa ya chai inayotunza joto iwekeni kwenye bajeti ya msimu pamoja na bomba la dawa. Huyo dada sasa anatoka na uji wa moto, anasimamisha kazi saa 4 na saa 7, na ugali wa mtoto unasongwa kabla ya ule wa watu wazima. Mwezi uliofuata mstari ulipanda gramu 300.

Kulisha kwa nguvu, kumbana pua, acheni. Anaweza kupaliwa, na kesho akiona kijiko tu analia. Mpe sahani yake, kaa naye dakika 20 au 30, akikataa toa bila ugomvi. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara nane au kumi kabla hajakizoea. Na kama umetoka kupulizia dawa, oga na ubadilishe nguo kabla hujamshika.

Mwezi wa 6 na wa 12 mpeleke akapate vitamini A na dawa ya minyoo. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono, mwombe ampime. Chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Akivimba miguu, akilegea, akikataa hata kunyonya au akitapika kila kitu, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama fuso la kupakia viazi liko shambani.