Kasi ya Kupakua Haipeleki Kazi ya Tezo

Tangu kebo ya TEAMS itokayo Fujairah ilipofikishwa Mombasa mwaka 2009, ikafuatwa na SEACOM mwaka uo huo na EASSy mwaka 2010, Pwani yetu imekuwa mlango wa intaneti ya Kenya. Ajabu ni kwamba akaaye karibu na mlango si lazima awe wa kwanza kuingia. Kaskazini mwa mji wa Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi, ndipo ilipo Tezo. Huko ofisi ndogo ninayoisaidia hurekodi masomo kwa ajili ya shule za jirani, na video hizo hupelekwa Mombasa kuhaririwa. Somoni mmoja huweza kufika gigabaiti 4. Video zikichelewa, mwanafunzi hulipata somo baada ya mtihani.

Naomba wanafunzi washike kalamu. Wauzaji hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Gigabaiti 4 basi ni takriban megabiti 32,000. Laini ikipakia megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua sekunde 16,000, yaani karibu saa nne u nusu, iwapo umeme hautapotea wala mtandao kukatika.

Nimesema "ikipakia" makusudi. Laini nyingi zimeundwa kwa mtu anayepokea: kasi ya kupakua ni kubwa, ya kupakia ni ndogo, na tangazo hutaja ile kubwa peke yake. Ofisi yetu ni ya kutuma. Kuiuzia kasi ya kupakua ni sawa na kumuuzia mvuvi kapu badala ya wavu.

Wako watakaocheka nikisema faili ipandishwe matatu. Wasicheke upesi. Septemba 2009, nchini Afrika Kusini, kampuni moja ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya gigabaiti 4, akaruka kutoka Howick hadi Durban kwa muda wa saa moja na dakika chache. Hata baada ya kuongeza muda wa kuinakili kadi, laini ya ADSL ilikuwa imetuma asilimia 4 tu ya data hiyo.

Dawa ya kudumu, kwa maoni yangu, ni antena mbili zinazotazamana: moja mjini penye faiba, nyingine Tezo, gharama zikigawanywa baina ya ofisi, shule na zahanati. Lakini antena hizo zataka kuonana bila kizuizi, na hapa kwetu pana minazi. Mlingoti ulio mfupi kuliko mnazi ni fedha iliyotupwa, kwani majani, hasa yakilowa mvua, hudhoofisha mawimbi. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, haziujali umbali wa mji, ila nazo zataka anga wazi na bei ya kifaa si ya ofisi yenye meza tatu.

Kabla ya hayo kutimia, faili ndogo twazituma usiku, kwa programu inayoendelea ilipokomea laini ikikatika. Zile kubwa hunakiliwa katika flashi mbili: moja husafiri kwa matatu, nyingine hubaki kabatini hadi mhariri apige simu kusema amepokea.