Uelekezaji wa simu zinazoingia

Uelekezaji wa simu zinazoingia ni utaratibu ambao mtambo wa simu wa ofisi hutumia kuamua simu inayotoka nje ipelekwe wapi: kwenye meza ya mapokezi, kwenye idara fulani, kwa simu ya mkononi ya mtu aliye zamu, au kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti. Utaratibu huo huandikwa mapema kama sheria, na mtambo huzifuata jinsi zilivyoandikwa. Sheria iliyosahauliwa haionekani mpaka siku mtu anapopiga na asipokelewe.

Historia

Simu za kwanza ziliunganishwa kwa mkono. Opereta aliketi mbele ya swichibodi, akamwuliza mpigaji anamtaka nani, kisha akachomeka waya kwenye tundu la mhusika. Swichibodi ya kwanza ya kibiashara ilianza kazi New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, mwezi Januari 1878.

Opereta alikuwa na mamlaka makubwa, kwani yeye ndiye aliyeamua simu iende wapi. Inasimuliwa kwamba Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City, aliamini kuwa watu waliomtafuta yeye walikuwa wakiunganishwa na mshindani wake. Iwe kweli au la, mwaka 1891 alipata hataza ya kifaa cha kuunganisha simu bila opereta, na mwaka 1892 kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa La Porte, Indiana.

Simu za kubonyeza zenye mlio tofauti kwa kila tarakimu zilianza kutolewa kwa wateja mwaka 1963, na ndizo zilizowezesha mpigaji kuchagua idara mwenyewe. Mwaka 1999 Mmarekani Mark Spencer alianzisha Asterisk, programu huria inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu. Siku hizi mitambo mingi hupokea simu kupitia intaneti kwa itifaki ya SIP, lakini maswali yanayojibiwa na sheria zake ni yaleyale ya opereta: nani anapigiwa, yupo, na kama hayupo nani mwingine apokee?

Safari ya simu moja

Tuchukue mfano wa shule ya bweni yenye namba moja ya simu na meza nne: mapokezi 101, uhasibu 102, taaluma 103 na matroni 110. Namba hizi fupi za ndani huitwa ekstensheni.

Simu inapofika, mtambo hutazama kwanza namba iliyopigwa. Hapa ndipo penye kosa la kwanza linalowashinda wengi. Namba ya Dar es Salaam inayoanza na 022 inaweza kuletwa na kampuni ya simu ikiwa na 022, 25522 au +25522. Sheria ikiandikwa kwa umbo moja na simu ikaja kwa umbo lingine, mtambo huiona kuwa ni namba ngeni na kuikata. Dawa ni kupiga simu ya majaribio, kusoma kwenye kumbukumbu za mtambo umbo lililofika, kisha kuandika sheria kwa umbo hilo. Ni vizuri pia kuwe na sheria ya mwisho inayopeleka mapokezi simu yoyote isiyotambuliwa.

Baada ya hapo hutazamwa saa. Ofisi ya shule ikiwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, mtambo huandikiwa 08:00 hadi 16:00. Aliyezoea saa ya Kiswahili akiandika 02:00 hadi 10:00, ofisi "itafunguliwa" saa nane usiku na kufungwa saa nne asubuhi. Vilevile mtambo ulioachwa kwenye saa ya kimataifa ya UTC uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo wazazi wanaopiga asubuhi watasikia kwamba ofisi imefungwa mpaka saa tano. Sikukuu nazo zina orodha yake. Krismasi huandikwa mara moja ikatosha, lakini Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kubadilisha mpangilio huo kwa mkono.

Ikiwa ni saa za kazi, mpigaji husikia menyu ya sauti: bonyeza 1 kwa uhasibu, 2 kwa taaluma, 3 kwa matroni. Menyu iwe fupi. Katika mitandao mingi mpigaji huanza kukatwa salio mara mtambo unapoitika, si mara mtu anapoitika, na mzazi mwenye salio la dakika mbili hawezi kusikiliza vipengele tisa pamoja na historia ya shule. Asiyebonyeza kitu chochote apelekwe mapokezi, asikatiwe.

Asipopokea mtu

Kila hatua huhitaji muda wa mwisho na mahali pa kwenda baada yake. Kwa mfano, 102 iite kwa sekunde 20, kisha simu ihamie 101, na huko ikikosa mtu iende kwenye ujumbe wa sauti. Meza kadhaa zinaweza kuwekwa katika kundi ili ziite zote kwa pamoja, au kwa zamu, au aanze aliyekaa muda mrefu zaidi bila kupokea simu. Ofisi yenye wapigaji wengi hutumia foleni. Hesabu za idadi ya laini na wapokeaji wanaohitajika zilianzishwa na Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyechapisha kazi yake ya kwanza kuhusu jambo hilo mwaka 1909.

Usiku ndio wakati wa hatari zaidi katika mfano wetu. Mzazi anayepiga saa tatu usiku kuuliza hali ya mtoto mgonjwa hana haja na mhasibu. Simu ya usiku ipelekwe moja kwa moja 110, na matroni asipopokea ihamishiwe simu ya mkononi ya mwalimu wa zamu. Lakini simu ya mkononi iliyozimwa inaweza kupokelewa na sauti ya mtandao, na mtambo ukadhani mtu amejibu, ukaacha kutafuta mwingine. Kwa hiyo mitambo mingi ina chaguo la kumtaka mpokeaji abonyeze 1 ili kukubali simu. Chaguo hilo liwashwe. Aidha, simu inayoingia na kutolewa tena nje hukalia njia mbili: penye njia nne, simu mbili za namna hiyo zimemaliza zote.

Usalama na majaribio

Menyu isimruhusu mpigaji wa nje kupata laini ya kupigia nje. Wezi hutafuta mianya ya aina hiyo na kupiga simu za kimataifa usiku, na ankara huja kwa mwenye mtambo.

Majaribio hufanywa kwa simu iliyo nje ya mtambo, kwani simu ya ekstensheni haipiti kwenye sheria za simu zinazoingia. Pigeni mchana, pigeni usiku, pigeni huku simu ya mapokezi imechomolewa, na kaeni kimya bila kubonyeza kitu mwone mnapelekwa wapi. Mwalimu wa zamu akibadilisha namba yake, jaribio la usiku lirudiwe siku hiyohiyo.