Meyer: Cheo cha Msimamizi wa Shamba Kilivyogeuka Jina la Ukoo

Miongoni mwa majina kumi ya ukoo yenye watu wengi zaidi nchini Ujerumani limo jina Meyer, ambalo huandikwa pia Meier, Maier, Mayer, Mayr na Mair, na ambalo mtu aliyezoea kuliona jina la ukoo kuwa alama ya damu moja anaweza kulidhania kuwa la mlango mmoja mkubwa uliotapakaa kutoka pwani ya kaskazini hadi milima ya Alps. Dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa jina hili halikuanza na babu mmoja bali na kazi, nayo ilifanywa na mtu mmoja katika kila shamba kubwa la kabaila, hivyo jina likazaliwa mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiojuana.

Asili yake ni neno la Kilatini maior, lenye maana ya mkubwa, ambalo kwa njia nyingine, kupitia Kiingereza, limewapatia Waswahili neno meya. Katika ufalme wa Wafranki, uliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, maior domus alikuwa mkuu wa nyumba ya mfalme, na cheo hicho kilipata nguvu kiasi kwamba mwaka 751 Pippin, aliyekuwa nacho, alimwondoa mfalme wake akajitwalia taji. Hata hivyo, maior aliyezaa jina la ukoo alikuwa wa daraja la chini zaidi, yaani msimamizi wa shamba. Mwongozo wa uendeshaji wa mashamba ya kifalme ujulikanao kama Capitulare de villis, ulioandikwa karibu na mwaka 800 na ambao kwa kawaida huhusishwa na Karolo Mkuu, unaagiza kwamba msimamizi asikabidhiwe eneo linalozidi lile awezalo kulizunguka kwa siku moja, tena asiteuliwe miongoni mwa wenye nguvu bali miongoni mwa watu wa kadiri walio waaminifu. Karolo alikuwa mwana wa Pippin, na ukoo wake ulijua vyema msimamizi aliyenenepa hufika wapi.

Meier, kama alivyoitwa kwa Kijerumani, aliishi katika nyumba kuu ya shamba, akawapangia watwana siku zao za shokoa, akakusanya nafaka, kuku na mayai waliyodaiwa na bwana wao, awe mwungwana, askofu au nyumba ya watawa. Kazi hiyo haikuwa mbali na ile ya nokoa katika mashamba ya karafuu ya Unguja, ila mahali pengi Meier aliongoza pia baraza la kuamua kesi ndogondogo za wanakijiji.

Katika karne ya 12 na ya 13 makabaila wengi waliacha kuyaendesha mashamba yao wenyewe, wakaanza kuyakodisha, na msimamizi akageuka mpangaji. Alipoteza madaraka ila hakupoteza ardhi nzuri: kaskazini, katika eneo la Niedersachsen, ulikua utaratibu wa kisheria ulioitwa Meierrecht, ambao ulilirithisha shamba kwa mtoto mmoja bila kugawanywa. Wakati huohuo majina ya pili yalikuwa yakienea, kwanza katika miji kama Köln na baadaye vijijini, na palipokuwa na akina Meier kadhaa ilibidi watofautishwe, ndipo wakapatikana Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini, Kirchmeier wa kanisani na Brockmeyer wa kinamasi. Huko Westfalen jambo lilikwenda mbali zaidi, kwa maana jina lilishikamana na shamba kuliko damu: mwanamume aliyemwoa mrithi wa kike alichukua jina la shamba lake, na mtafiti wa nasaba leo huweza kumkuta baba na mwana wenye majina tofauti bila kosa lolote la karani.

Chimbuko jingine halihusiani kabisa na mashamba. Miongoni mwa Wayahudi, Meir ni jina la Kiebrania lenye maana ya mwenye kuangaza, nalo lilitumika kwa karne nyingi kama jina la mtu binafsi, kama lilivyotumiwa na Mayer Amschel Rothschild, mwenye benki aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1744. Dola za Ulaya zilipowalazimisha Wayahudi kuwa na majina ya ukoo ya kudumu, Austria mwaka 1787 na Prussia mwaka 1812, familia nyingi zililigeuza jina la mzee wao kuwa la ukoo.

Tahajia haikuwa na mwenyewe hadi usajili wa kiserikali wa uzazi, ndoa na vifo ulipoenea katika Dola nzima ya Ujerumani kuanzia mwaka 1876, ukaligandisha kila jina kama lilivyokuwa limeandikwa. Kwa hiyo tahajia bado inadokeza mahali: mkemia Lothar Meyer alizaliwa Varel, kaskazini; mwanafizikia Julius Robert Mayer alizaliwa Heilbronn, kusini-magharibi; na mwanabiolojia Ernst Mayr alizaliwa Kempten, katika Bavaria. Kanuni hiyo haiaminiki sana, kwani golikipa Sepp Maier, bingwa wa dunia wa mwaka 1974, naye ni wa Bavaria.

Afrika Mashariki jina hili lilifika na Hans Meyer, mwanajiografia wa ukoo wa wachapishaji wa kamusi elezo mashuhuri, ambaye tarehe 6 Oktoba 1889 alifika kileleni Kibo, katika Mlima Kilimanjaro, pamoja na Ludwig Purtscheller, akakipa kilele hicho jina la mfalme wake. Jina hilo lilifutwa baada ya uhuru wa Tanganyika, na kilele kikaitwa Uhuru. Lake mwenyewe bado liko kwenye ncha ya juu ya Mawenzi, yenye mita 5,149, ambayo yeye hakuwahi kuifikia.