Fahamu: Wabunge wanapotoka nje, muswada unakwama?

Mkazi wa Ngujini, huko milimani Upare, aliyewahi kuona mkutano wa kijiji ukiahirishwa kwa kuwa watu hawakutimia, anaijua akidi. Bungeni Dodoma, Ibara ya 95 ya Katiba inataka nusu ya wabunge wote. Mbunge akilalamika kwamba idadi haitoshi, kengele hupigwa kuwaita walioko nje.

Kwa hiyo kutoka nje ni silaha, lakini ya wengi. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya viti, wapinzani wakitoka wote kikao kinaendelea tu.

Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilikuwa tofauti. Tarehe 16 Aprili, wajumbe wa Ukawa, yaani umoja wa vyama vya upinzani vya CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi, walitoka wakipinga jinsi rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba, yenye serikali tatu, ilivyokuwa ikishughulikiwa. Hapo kupitisha ibara kulihitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa Tanzania Bara, na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake. Asiyekuwepo alipunguza kura za ndiyo sawasawa na aliyesema hapana. Zanzibar, penye wajumbe wachache na CUF yenye nguvu, ndipo hesabu ilipobana kweli. Kanuni zikarekebishwa ili hata waliokuwa nje ya nchi wapige kura, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikatangazwa kupita.

Kwangu, kutoka huko kwa Ukawa kuliijeruhi Katiba hiyo. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na Katiba ya 1977 ndiyo inayotumika hadi leo.