Nairobi–New York: Dunia Haiisogezei Ndege Mji

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800 kwa njia fupi kuliko zote, inayokatiza Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilitenga kama saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Hapo ndipo huzuka swali lisilochoka kuulizwa: dunia ikiwa inazunguka kuelekea mashariki, si New York inaifuata ndege huko huko angani? Mbona kwenda kusiwe ndiko kufupi?

Haiifuati. Kwenye ikweta uso wa dunia hukimbia karibu kilomita 1,670 kwa saa. Lau ndege ingeachana na mwendo huo mara magurudumu yanapotoka ardhini, helikopta iliyoelea juu ya Nairobi kwa saa moja ingejikuta juu ya misitu ya Kongo bila rubani kugusa kitu. Ndege ya Mombasa ingekuwa na balaa zaidi: inaelekea upande wa mashariki kwa kasi isiyozidi kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo Mombasa ingeikimbia milele. Ila inatua ndani ya saa moja, kila siku, na mara nyingi humo ndani ameketi mwenye nadharia yenyewe. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege ilikuwa na mwendo huo huo tangu ikiwa imeegeshwa. Kondakta akirusha sarafu juu ndani ya matatu iliyo mwendoni, sarafu humrudia mkononi. Haimgongi abiria wa kiti cha nyuma.

Kinachorefusha safari ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, katika latitudo za kati, huvuma mkondo wa hewa kutoka magharibi kwenda mashariki ambao majira ya baridi huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Hata upepo wa nusu ya huo, ukiikabili ndege kwa saa tano juu ya Atlantiki, huinyang'anya kilomita 500, yaani zaidi ya nusu saa; wakati wa kurudi huisukuma. Mzunguko wa dunia unachangia kuupa mkondo huo mwelekeo wake, kwa hiyo dunia inahusika, lakini kwa mlango wa nyuma, na kinyume kabisa cha inavyodhaniwa.

Tiketi nayo haisomwi kwa kutoa tu. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji wake: kuondoka 23:00 na kufika 06:00 kesho yake si saa saba, ni 15, kwa sababu New York iko nyuma kwa saa nane. Kuanzia Machi hadi Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti ni saba.

Asiyetaka au asiyepata ya moja kwa moja hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai, London au Amsterdam, na safari nzima huweza kuvuka saa 20. Safari zote ziwe kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa shirika liwajibike kumpangia abiria nyingine. Masharti ya viza ya kupitia yakaguliwe kabla ya kulipa. Na kati ya ndege mbili zibaki saa mbili au zaidi, hasa mizigo inapohamishwa.