Kazi ya usalama kazini: kofia ngumu ndiyo sehemu ndogo

Ukimwambia mtu unasomea usalama na afya mahali pa kazi, picha inayomjia ni ya jamaa mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, anazunguka saiti akiwagombeza mafundi wavae kofia. Kazi hiyo ipo, na ina maana yake. Lakini kwa anayetaka kukua katika fani hii, kofia ndiyo sehemu ndogo. Kinachomtofautisha mtaalamu na msimamizi mkali ni uwezo wa kupima kitu ambacho wengine hawakioni.

Tuchukue vumbi la mgodini. Dhahabu mara nyingi hukaa kwenye mwamba wenye silika. Ukitoboa mwamba huo au ukiusaga kwenye karasha, linatoka vumbi la kila ukubwa. Lile linalokupigisha chafya si la kuogopwa sana, kwa sababu pua inalikamata. Baya ni lile la chembe ndogo, za mikroni 4 hivi (unywele wa binadamu ni kama mikroni 70), zinazoteremka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko seli za kinga zinazimeza, zinashindwa kuzimeng'enya, zinakufa. Chembe zinabaki pale pale, seli nyingine zinakuja, nazo zinakufa. Mwisho wake ni makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna tiba. Tena silika humweka mtu kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Sasa, kiasi gani ni kingi? Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza isizidi miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtu anayefanya kazi huvuta takribani mita za ujazo 10 kwa zamu ya saa 8, kwa hiyo kikomo chake ni nusu miligramu kwa siku. Hizo hazifiki punje kumi za chumvi ya mezani! Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu migodi midogo ya dhahabu hapa Tanzania ulikuta wastani wa miligramu 16.85 kwa wanaotoboa mwamba chini ya ardhi. Gawanya mwenyewe: ni mara 337 ya kikomo.

Namba kama hiyo haipatikani kwa macho. Mfanyakazi huvalishwa pampu ndogo kiunoni, mrija unapanda mpaka karibu na kola, na kichujio kinakusanya vumbi analovuta yeye hasa. Kichujio kinakwenda maabara.

Namba ikishapatikana, wengi hukimbilia barakoa. Ila barakoa inategemea kila mtu aivae vizuri, kila dakika, kwenye joto la duara. Na kwa kipimo cha mara 300, kitambaa cha kufunga puani ni sawa na hakuna. Ndiyo maana tunafundishwa kuanza juu: je, hatari yenyewe inaweza kuondolewa? Ikishindikana, mashine au njia ya kazi ibadilishwe. Kutoboa kwa maji badala ya kukavu hupunguza vumbi kabla halijapaa. Vifaa kinga vinakuja mwisho kabisa.

Kwa Tanzania mlango wa kisheria ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA. Upande wa fidia kuna WCF, mfuko unaochangiwa na waajiri. Na hapo mchimbaji mdogo asiye na mwajiri wa kumchangia anabaki nje, na mapafu yake.

Kusoma je? MUHAS wanafundisha sayansi ya afya ya mazingira, na wapo waliotokea uhandisi, kemia au uuguzi. OSHA nao wana kozi ya cheti, NOSHC. Cheti cha NEBOSH kinatambulika kimataifa, hadi nchi za Ghuba. Binafsi naona vijana wanakusanya vyeti vifupi kuliko wanavyojifunza kupima. Cheti kitakuingiza kwenye usaili, lakini ukifika mbele ya meneja anayetaka uzalishaji usisimame hata saa moja, na ndiye anayekulipa mshahara, utahitaji namba zako mwenyewe pamoja na gharama ya kutokufanya kitu.

Kwa hiyo ukienda fildi mwaka huu, ulizia pampu. Kama hawana, kaa zamu nzima na daftari: nani yuko wapi, kwa dakika ngapi, vumbi linaanzia wapi, upepo unalipeleka wapi. Hata wenye pampu wanaanza na daftari hilo, la sivyo hawatajua wamvalishe nani.