Roboti ya mwanafunzi ipigiwe hesabu kabla ya kukata bati

MZAZI wa Ukonga anayeishi kwa kuuza mboga au kuendesha duka dogo, akiombwa na mwanawe fedha za roboti ya mashindano, hana budi kuuliza maswali yale yale ambayo mkulima humuuliza fundi wa mashine ya kupukuchua mahindi. Itafanya kazi gani? Kwa muda gani? Ikiharibika itatengenezwaje?

Maswali hayo huokoa fedha. Bati likishakatwa fupi halirefuki, na mota iliyoungua hununuliwa upya.

Kosa la kwanza ni kuanza kujenga kabla ya kusoma kanuni, kisha kutaka roboti ifanye kila kitu. Mashindano ya kwanza ya FIRST Global, yaliyofanyika Washington, Marekani, Julai 2017, yalihusu maji. Roboti zilitenganisha mipira ya buluu, iliyowakilisha maji safi, na ya rangi ya machungwa, iliyowakilisha uchafu. Mechi ilikuwa ya sekunde 150. Safari moja ikichukua sekunde 30, safari zote ni 5 tu. Roboti inayobeba mipira minne kwa safari hupeleka 20. Yenye madoido mengi lakini inayobeba mmoja hupeleka 5.

Kosa la pili ni uzito kukaa mahali pabaya. Msukuma mkokoteni wa Gongo la Mboto hupanga mzigo juu ya ekseli. Vivyo hivyo, betri na mota zikae chini, karibu na magurudumu. Zikiwekwa juu, roboti hupinduka inapokata kona au kugongwa.

Kosa la tatu ni kuibebesha mota mzigo usioiweza. Mzigo ule ule ukishikwa mwisho wa mkono wa sentimita 40, mota huhitaji nguvu maradufu ya ile ya mkono wa sentimita 20. Gia yenye meno 20 ikizungusha yenye meno 60, nguvu huongezeka karibu mara tatu, ila kasi hushuka hadi theluthi. Lazima kuchagua.

Kosa la nne ni kusahau matengenezo na majaribio. Nyaya zinazoning'inia hunaswa, na skrubu isiyofikiwa na bisibisi haikazwi wakati wa mechi. Aidha, vijana wengi hujenga hadi usiku wa mwisho, dereva akaingia uwanjani bila mazoezi.

Dawa yake si ghali. Vijana waanze kwa kutengeneza mfano wa ukubwa halisi kwa maboksi matupu ya dukani, wapime, ndipo wanunue bati. Theluthi ya muda wote ibaki kwa majaribio.

Kijana anayeweza kueleza hesabu hizi anastahili kusaidiwa hata asiposhinda, kwani ndizo hesabu za pampu ya bustani na mashine ya kukoboa. Asiyeweza, arudi kwanza kwenye karatasi. Karatasi ni rahisi kuliko bati.